Folda ya Majina ya Kijani

Kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa nikitunza hesabu za vikundi vitatu vya kuweka na kukopa vya akina mama wanaonunua, kuanika na kuuza dagaa kati ya Igombe, Kayenze na Mwaloni wa Kirumba, hapa Mwanza, na kwa muda wote huo hesabu hizo zimekaa katika kompyuta mpakato moja niliyoinunua mwaka 2013, ikiwa na Windows 7 Professional. Mwaka huu bawaba zake zimelegea, betri yake imekufa kiasi kwamba bila waya wa umeme haiwaki, na vitufe vinne vya kibodi havibonyezeki tena. Nikanunua nyingine. Nilidhani kazi ya kuhama ingenichukua jioni moja, lakini ilinichukua siku kumi na moja, na katika nusu ya siku hizo sikuwa na hakika kama nitaziona tena hesabu zile.

Nilichagua siku za mbalamwezi makusudi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi unapokuwa mkubwa mitumbwi mingi hubaki ufukweni, biashara hupoa, na akina mama hawaleti marejesho mengi ya kuandika. Nilijipa juma moja la utulivu kabla giza halijarudi na daftari halijaanza kujaa tena.

Kilichomo ndani ya folda ile si mambo ya kuachwa wazi. Kuna namba za vitambulisho vya taifa, kuna fomu zilizopigwa skani zikiwa na alama za dole gumba, kuna namba za simu za wadhamini, na kuna majina ya waliochelewesha marejesho pamoja na sababu walizonieleza kwa faragha, nyingine zikiwa za ugonjwa na nyingine za ndoa. Habari ya namna hiyo ikivuja Igombe asubuhi, jua halizami kabla haijafika Kayenze. Sasa iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Lakini mimi nilianza kuzifunga kabla ya sheria hiyo, kwa sababu ya aibu tu ya kufikiria nitamtazamaje mtu usoni siri yake ikitoka kwangu.

Namna nilivyozifunga ndiyo iliyonitia taabuni. Mwaka 2014 mwezeshaji mmoja katika semina alituonyesha kwamba ukibofya folda kwa kitufe cha kulia, ukaingia kwenye sifa zake, kisha kwenye sehemu ya ziada, utakuta kijisanduku cha kuweka tiki ili faili zote za humo zisimbwe, yaani zigeuzwe zisisomeke bila ufunguo. Nikaweka tiki. Majina ya faili yakageuka kuwa ya kijani, nami nikaridhika kwamba mambo yamefungwa. Pembeni mwa skrini kilitokea kijikaratasi kikinitaka nihifadhi nakala ya ufunguo wangu wa usimbaji. Nilikifunga. Kiliporudi nilikifunga tena, kama mtu anavyomfukuza nzi kwenye chai, kwa kuwa sikujua kwamba nina ufunguo wowote. Nilijua nina nenosiri, na niliamini kwamba nenosiri ndilo ufunguo wenyewe.

Kwa kuwa vitufe vilivyokufa vilikuwa na herufi mbili za nenosiri langu, sikuweza kuingia ndani ya kompyuta ile, nikaipeleka pamoja na ile mpya kwa fundi mmoja kijana aliye mjini kati. Aliniuliza nenosiri, nikakataa kumpa. Nilijiona mwangalifu sana. Nilimwambia ahamishe vitu vyote kutoka kompyuta moja kwenda nyingine bila kuufungua ukurasa wowote, naye akaitikia kwa adabu, nikaondoka kwenda sokoni.

Jioni alinipigia simu.

"Shikamoo mama. Picha na barua zako zote zimehama vizuri, ila folda ya hesabu imegoma. Inasema hakuna ruhusa."

Nilipofika alinieleza alichofanya. Aliingia kwa kutumia flashi yenye programu ya kufuta nenosiri, kompyuta ikafunguka bila kuuliza chochote, akaanza kunakili. Folda yangu ilipokataa, alichomoa diski kuu akaiunganisha na kompyuta mpya kwa waya, akajifanya mmiliki wa folda hiyo, na bado ikakataa. Majina ya faili aliyaona yote, ukubwa wa kila moja na tarehe zake aliviona, ila hakuna hata moja iliyokubali kufunguka wala kunakiliwa. Kwa nia njema kabisa akaniambia kwamba huenda faili zimeharibika kwa uzee wa diski, na kwamba kama sizihitaji sana angeifomati kompyuta ya zamani anitafutie mnunuzi. Nilizichukua zote mbili usiku ule ule, nikalipa, nikapanda daladala ya Kirumba nikiwa nimezipakata kama mtoto mgonjwa.

Simlaumu sana kijana yule. Laiti ningempa nenosiri, au ningenunua kibodi ya nje ya bei ndogo na kuliandika mwenyewe, mlango usingejifunga. Usiri wangu ndio uliomfanya amfute mlinzi aliyekuwa ameshika ufunguo.

Siku mbili zilizofuata nilisoma juu ya mfumo huu wa usimbaji, ambao umekuwamo ndani ya Windows tangu Windows 2000, na kadiri nilivyouelewa ndivyo nilivyoona kosa lilipokuwa. Faili hazifungwi kwa nenosiri. Kila faili hupewa ufunguo wake yenyewe, ambao hugeuza yaliyomo kuwa herufi zisizosomeka kwa njia iitwayo AES, iliyobuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na kupitishwa kuwa kiwango rasmi cha Marekani mwaka 2001. Ufunguo huo wa faili nao hufungwa, kisha hubandikwa kwenye faili yenyewe, na kinachoweza kuufungua ni ufunguo mwingine, ule wa siri wa mtumiaji, unaokaa ndani ya akaunti yake pamoja na cheti. Ufunguo huu wa siri ndio unaolindwa kwa nenosiri. Kwa hiyo kuna makasha matatu, moja ndani ya jingine, na nenosiri langu lilikuwa linafungua lile la nje tu, ambalo ndani yake kuna ufunguo wa la pili.

Hapa kuna tofauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa fundi yeyote. Mwenye akaunti anapobadilisha nenosiri lake mwenyewe, akitaja kwanza la zamani na kisha jipya, kompyuta hutumia la zamani kufungua kasha la nje, halafu hulifunga upya kwa lile jipya, na hakuna kinachopotea. Lakini nenosiri linapofutwa au kuwekwa jingine na mtu wa pembeni asiyejua la zamani, kompyuta haina namna ya kulifungua kasha. Mtu anaingia ndani ya akaunti, anaona mapambo yake yote ya skrini, picha zake zinafunguka, na faili zenye majina ya kijani zinamkana kama mgeni. Kuchomoa diski na kuipeleka kwenye kompyuta nyingine hakusaidii, kwa sababu huko ufunguo haupo kabisa. Kujifanya mmiliki wa folda hakusaidii pia, kwa kuwa umiliki ni jambo la ruhusa, na faili iliyosimbwa haizuii kwa ruhusa. Haisomeki, basi.

Nikapata tumaini kwa kufikiri kinyume. Kama kasha bado limefungwa kwa nenosiri la zamani, na mimi nenosiri la zamani ninalikumbuka, basi kilichohitajika ni kulirudisha lilivyokuwa, herufi kwa herufi. Nilinunua kibodi ya nje, nikaingia kwenye akaunti ambayo sasa haikuwa na nenosiri, nikaandika lile lile la zamani kama nenosiri jipya, nikaizima kompyuta na kuiwasha upya. Nililiandika taratibu sana. Nikafungua folda, nikabofya daftari la mwaka 2016, nikasubiri. Diski ilikwaruza kidogo, kisha safu za majina na shilingi zikatokea. Nilikaa kimya kwa muda, nikasikia tu sauti ya majirani wakikusanya dagaa walioanikwa kabla mvua haijafika.

Ningekuwa nimelisahau nenosiri lile, au kijana yule angekuwa ameifomati diski, hadithi ingeishia hapo. Kwa AES yenye ufunguo wa biti 256 hakuna fundi wa Mwanza wala wa kwingineko atakayebahatisha.

Jambo la kwanza nililolifanya baada ya hapo halikuwa kunakili faili, bali kuutoa ufunguo. Windows ina amri iitwayo cipher, inayoandikwa kwenye dirisha jeusi la amri. Ukiiandika ikifuatwa na /x na jina unalotaka, hutengeneza faili ndogo yenye mwisho wa .pfx, ambayo ndani yake mna cheti na ufunguo wa siri, nayo hukutaka uweke nenosiri la kuilinda. Faili hiyo ilikuwa ya kilobaiti chache tu. Miaka kumi ya hesabu za watu ilikuwa inategemea kitu kidogo kuliko picha moja ya simu, na kwa miaka yote hiyo kilikuwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya diski inayokwaruza. Cheti chenyewe, nilichekeshwa kuona, kimeandikiwa uhai wa miaka 100.

Sikuiamini nakala ile kabla ya kuijaribu. Nilifungua akaunti ya pili kwenye kompyuta hiyo hiyo ya zamani, nikaweka faili moja ya mfano mahali ambapo akaunti zote zinafika, nikaingia kwa akaunti ya pili, na faili ikakataa, kama ilivyopaswa. Kisha nikaingiza ile .pfx kwa nenosiri lake, nikajaribu tena, faili ikafunguka. Jaribio hilo lilichukua kama dakika kumi, nami ningemshauri kila mtu alifanye angali na mlango mmoja ulio wazi. Halafu nikaandika amri ile ile ya cipher ikiwa na /u na /n, ambayo huorodhesha kila faili iliyosimbwa katika kompyuta nzima bila kubadilisha kitu, nikagundua faili tatu nilizokuwa nimezisahau kwenye skrini ya mbele, mojawapo ikiwa katiba ya kikundi cha Kayenze.

Ndipo nikageukia kunakili, na huko nikakutana na jambo lililonishangaza kuliko yote. Nilikuwa na vyombo viwili mezani: flashi ya GB 32 iliyopangwa kwa mtindo wa FAT32, kama flashi nyingi za madukani, na diski ya nje iliyopangwa kwa mtindo wa NTFS, niliyokuwa nikihifadhia nakala za akiba tangu mwaka 2018. Usimbaji huu kwenye Windows 7 unaishi ndani ya NTFS tu. Nilipoburuta faili moja kwenda kwenye flashi, kompyuta iliniuliza kama nataka kuinakili bila usimbaji wake, na ningekubali, faili ingetua pale ikiwa uchi, isomwe na yeyote atakayeiokota flashi hiyo kwenye kiti cha daladala. Nilipoiburuta kwenda kwenye diski ya NTFS, haikuuliza kitu, ikapita na usimbaji wake mzima. Maana yake ni kwamba nakala zangu zote za akiba tangu 2018, nilizokuwa nikilala usingizi kwa kuzitegemea, zilikuwa zimefungwa kwa ufunguo ambao haukuwamo ndani ya diski hiyo. Kama kompyuta ile ingeibiwa au kuzama ziwani, diski ya akiba ingebaki na orodha ya majina ya kijani tu.

Jambo la pili lilikuwa kwamba kompyuta mpya ilikuja na Windows 11 Home, na toleo la Home halina kabisa kipengele hiki cha kusimba faili moja moja. Ningeweza kulipia toleo la Pro, lakini kwa hali niliyoipitia sikutaka tena kitu kinachofungamana na akaunti ya kompyuta moja. Nilitaka kitu kinachosafiri. Nikachagua VeraCrypt, programu ya bure iliyotokana na TrueCrypt, ambayo hutengeneza faili moja kubwa inayokuwa kama kasha: ukiifungua kwa nenosiri lake inajitokeza kama diski ya ziada, unaweka vitu, unaifunga, inabaki faili moja isiyoeleza kilichomo. Kasha la namna hiyo halijali FAT wala NTFS, na ufunguo wake umo humo humo, umefungwa kwa nenosiri. Matoleo mapya ya VeraCrypt hayakubali Windows 7. La mwisho kuikubali ni 1.25.9, nalo nililipakua kutoka tovuti ya watengenezaji wenyewe, si kutoka flashi ya mtu.

Nilitengeneza kasha la GB 6 kwenye diski ya nje. Kwanza nilitaka liwe kwenye flashi, likakataa ingawa nafasi ilikuwepo tele, na sababu yake ni kwamba FAT32 haipokei faili moja inayofikia GB 4. Nenosiri la kasha nililitunga kwa maneno sita yasiyohusiana, zaidi ya herufi thelathini, yote ya Kiswahili isipokuwa moja la Kisukuma alilokuwa akilipenda bibi yangu. Kila unapolifungua kasha, kompyuta husubiri sekunde kadhaa, kwa kuwa programu hulipondaponda nenosiri mara laki tano kabla ya kulijaribu. Kwa mwenye nenosiri ni sekunde chache. Kwa mwizi anayebahatisha manenosiri mamilioni, kila jaribio linamlipisha hizo hizo.

Nilianza kunakili saa nane mchana nikiwa nimeingia kwa akaunti yangu halisi, ili faili zifunguliwe na mfumo wa zamani zikielekea moja kwa moja ndani ya kasha, bila kupita mahali palipo wazi. Saa tisa kasoro umeme ukakatika. Kompyuta isiyo na betri ilizimika papo hapo, kasha likiwa wazi na nakala ikiwa nusu. Umeme uliporudi usiku nililifungua kasha, nikakuta faili za mwisho zimekatika katikati, nikaamua kufuta kasha zima na kuanza upya alfajiri, saa ambazo umeme wa mtaani kwetu huwa mtulivu. Labda ningeweza kuokoa zile zilizokwisha kupita, lakini sikutaka hesabu za watu ziwe na nusu ya mashaka.

Kasha lilipokamilika nililifunga, nikalichukulia alama. Amri ya certutil hutoa kwa faili yoyote mfuatano wa herufi na tarakimu 64 uitwao SHA-256, ambao nauelewa kama alama ya dole gumba ya faili, maana ikibadilika hata herufi moja ndani yake alama hutoka tofauti kabisa. Niliiandika kwenye karatasi, nikalinakili kasha kwenye kompyuta mpya, nikaichukua alama huko pia. Kompyuta ya zamani huziandika ikiacha nafasi kila baada ya herufi mbili, na mpya huziandika zikiwa zimeshikana, jambo lililonitia hofu kwa dakika moja, lakini nilipozisoma kwa kidole moja baada ya nyingine zilikuwa zile zile. Kisha nikalifungua kasha, nikafungua daftari moja la kila mwaka na fomu kadhaa za skani, na nikalinganisha jumla ya akiba ya kikundi cha Igombe na ile iliyoko kwenye daftari la mkono la mweka hazina wao. Zililingana hadi shilingi.

Kompyuta mpya yenyewe nayo husimba diski yake nzima, na ina ufunguo wa uokoaji wa tarakimu 48, ambao nimeuandika kwa kalamu. Sikuuhesabu kuwa badala ya kasha, kwa sababu usimbaji wa diski nzima hulinda kompyuta iliyozimwa na kuibiwa, ilhali faili ikinakiliwa kwenda kwenye flashi inatoka wazi.

Nilisubiri mwezi mzima wa kazi kabla ya kuigusa ile ya zamani. Giza liliporudi na daftari likajaa bila tatizo, nilizifuta faili za kijani, kisha nikaandika cipher ikiwa na /w, ambayo huandika juu ya nafasi zote tupu za diski mara tatu, sifuri kwanza, kisha kinyume chake, kisha takataka za kubahatisha. Ilifanya kazi usiku kucha. Kwa diski ya kuzunguka kama ile inafaa. Kwa diski za kisasa za SSD nisingeitegemea, kwa kuwa zina namna zao za kugawa nafasi ambazo amri hiyo haizifikii.

Ile .pfx bado ninayo, kwa ajili ya ile diski ya 2018 ambayo sijamaliza kuipitia. Iko kwenye flashi ndogo ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi, kwa dada yangu aliyeko Nansio, naye ameiweka chini ya vitenge vyake. Nenosiri lake liko huku Mwanza, kwenye karatasi, nyumbani kwa mtu mwingine asiyejua linafungua nini. Kompyuta ya zamani nimempa binti wa jirani anayejifunza kuchapa; vitufe vinne bado havibonyezeki, kwa hiyo nilimpa na ile kibodi ya nje.